Mama Alipopanda Juu ya Paa la Baba

Wiki iliyopita mjukuu wangu Makena aliinjika mkebe wa lami nyuma ya nyumba yake hapa Kinoru, nami nilikuwa nimekaa kivulini nachambua maharagwe. Lami ilipoanza kuchemka nikasikia mate ya uchungu yamenijaa mdomoni. Niliweka ungo chini.

Makena ana nyumba kuukuu anayoitengeneza kwa mikono yake. Hajawahi kushika nyundo maishani. Fundi wake ni simu. Anaiegemeza dirishani, kijana mmoja ndani yake anaonyesha jinsi ya kuziba tundu la bati, naye anafuata. "Shosho, hii kitu ni rahisi, wewe angalia tu," akaniambia, akapanda ngazi. Hapo jirani mmoja, mwanaume mzima mwenye kofia, akasimama langoni.

"Cucu, unamwangalia tu? Hana ndugu wa kumpandia?"

"Anao wawili," nikamjibu. "Mmoja yuko kitandani na saa nne inapita. Nikakuamshie?"

Akaenda zake. Harufu yenyewe haikwenda, na ndiyo imenikalisha hapa niandike.

Nyinyi wa rika langu mnaijua lami hiyo. Tuliitafuna. Barabara ya kushuka Embu ilipotengenezwa, mabonge yalibaki kando ya mtaro, nasi tukayaokota tukatafuna mpaka meno yakawa meusi kama ya fisi. Kwa hiyo siku Mama aliponichukua na kikapu twende barabarani tuokote lami, nilidhani amenionea huruma, anataka nitafune nishibe. Nilijaza kikapu huku naimba. Sikujua tunaokota ugomvi.

Nyumba yetu ilikuwa Kibugu, juu kabisa, pale chai inapogusana na msitu na ukungu unaingia jikoni bila kubisha hodi. Kuta zilikuwa za mabanzi, yale maganda yanayobaki gogo likipasuliwa mbao. Paa lilikuwa la mabati yaliyokwisha kutumika kwingine, na Baba ndiye aliyeyapigilia. Alilijivunia paa hilo. Mgeni akija alionyeshwa paa kabla ya kuonyeshwa kiti. Nalo likavuja kama chujio la chai. Mama aliweka sufuria chini ya tundu la mlangoni, karai karibu na kitanda, na kibuyu kilichovunjika shingo pale karibu na mafiga. Kila chombo kilikuwa na mlio wake. Tulikuwa wawili tu humo ndani, mimi na yeye, na mara nyingi tulikaa kimya tukivisikiliza, kila mmoja akijua kipi kimejaa. Halafu maji yakafika darini, mahindi yakaota kuvu ya kijani, Mama akaanza kunipimia uji kwa kikombe kidogo.

Baba alikuwa Makutano, kule Meru, akifanya kazi buchani. Mama alimtumia watu mara tatu wamwambie paa limeharibika, chakula kinaoza. Mara tatu wakarudi na neno moja: atakuja. Mahindi hayali neno.

Boma lilikuwa na watu wengine. Kulikuwa na Njeru, ndugu yake Baba, mwenye nyundo, msumeno na mikono miwili. Mama alimwendea, nami nilikuwa nyuma ya rinda lake.

"Shemeji, nisaidie unizibie paa."

Njeru alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakuinua macho. "Mama Marigu, hiyo nyumba ina mwenyewe. Nikionekana juu yake, watu watasema nimerithi mke na ndugu yangu bado yuko hai."

"Basi nitafute fundi."

"Fundi ni mwanaume pia. Watasema hayo hayo."

"Basi nipande mimi."

Hapo aliinua macho. "Wewe ni mwanamke. Mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mume. Unajua ni mugiro." Mugiro ni mwiko, lakini mwiko wenye meno.

Hebu wapimeni watu hao. Mwanaume mwingine asipande. Mwanamke asipande. Mwenyewe hapandi. Basi mvua ndiyo ilipewa ruhusa, ikapanda na kushuka ilivyotaka, na sisi tukae chini yake tukishukuru kwa heshima ya nyumba. Nimeishi miaka mingi na sijaona ujinga uliopangwa vizuri namna hiyo.

Mama hakubishana. Alikuwa amewahi kuwabebea maji mafundi walipoezeka kanisa, na alikuwa na macho. Alikata miti miwili ya mukima, akaifunga vipande vya mabanzi kwa waya, akapata ngazi iliyopinda kama mgongo wa mzee. Aliomba tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata vipande vidogo vya mviringo vya kuvisha misumari shingoni ili maji yasipite. Lami aliipika katika mkebe wa mafuta ya kupikia juu ya mafiga matatu nje. Mara ya kwanza aliupa moto mwingi, mkebe ukawaka, akauzima kwa gunia lililoloa maji, nyusi zake zote mbili zikaenda na moto. Alikaa bila nyusi majuma kadhaa. Wanawake waliokuwa wakienda kuchuma chai walipunguza mwendo pale kwetu ili wamwone.

"Mama Marigu, umeunguzwa na nini?"

"Na wavivu," akawajibu, akakoroga.

Marigu ni mimi. Ni jina la mama yake Baba, maana kwetu msichana wa kwanza humrudisha nyanya wa upande wa baba. Kwa hiyo Nyanya Marigu aliniita "mwenzangu", akanilisha ndizi za kuchoma kwa siri, nami nikamwamini kuliko kitabu. Mama naye hakuweza kunitukana vizuri, kwa sababu kila tusi likinipata linavuka kiwanja na kumpata mama mkwe.

Siku ile lami ilipowaka, Nyanya alinivuta mlangoni mwa kibanda chake cha nyasi.

"Mwenzangu, mama yako anapika nini pale?"

"Lami."

"Ya kula?"

"Ya kuziba paa. Atapanda kesho."

Alikaa akimenya njahi, zile kunde nyeusi za kwetu, anazitupa bakulini moja moja. "Sikiliza nikuambie, na usimwambie mtu. Mwanamke akipanda juu ya nyumba ya mume, anamkanyaga utosi, hata mume akiwa Meru. Akipanda mara ya kwanza, mume anaumwa kichwa. Mara ya pili, analala kitandani. Mara ya tatu, anabebwa. Ya nne usiniulize."

Sasa najua hesabu hiyo aliitunga palepale. Mugiro wa kwetu haukuwa na vidato kama shule. Lakini yule alikuwa mwanamke wa kutengeneza silaha kwa chochote alichokikuta mkononi, na siku hiyo alinikuta mimi. Mimi nilikuwa mtoto ninayempenda Baba kwa sababu hayupo. Anayekuwepo anakupiga, anakutuma maji, anakupimia uji. Asiyekuwepo hana kosa.

Kesho yake Mama alifunga kitambaa kiunoni akapanda. Ngazi ililia, naye akalala kifudifudi juu ya mabati kama mjusi. Nikahesabu moja, nikamwona Baba anashika kichwa buchani. Akagonga msumari. Kila pigo la nyundo nilisikia kwenye utosi wa Baba. Alipotia mguu pasipo na mbao chini, bati likabonyea kwa kishindo, nami nikapiga kelele. Akauliza nimeumwa na nini. Nikasema siafu.

Akashuka kuchukua vipande vya gunia vya kuchovya katika lami. Akapanda tena. Mbili. Baba yuko kitandani, sina uwezo wa kumpelekea hata maji.

Safari hiyo akiwa juu nilimwona anapapasa misumari ya zamani mmoja mmoja. Halafu akaanza kucheka, kicheko kikavu ambacho sijakisikia tena kwa mtu yeyote. Akamwita Njeru kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani.

"Shemeji, njoo uone ndugu yako alivyoezeka. Misumari yote ameipigilia kwenye mfereji wa bati. Fundi hupigilia mgongoni, kwenye nundu, ili maji yapite pembeni. Huyu ametoboa njia ya maji kila mahali. Miaka yote hii tunalaumu mabati kuzeeka."

Njeru alisimama uani na mpini wake. "Shuka, mwanamke. Unamwaibisha mtu hayupo."

"Angekuwepo ningemwaibisha yeye mwenyewe."

Akashuka kuchota lami ya moto. Akapanda. Tatu. Baba anabebwa, namwona mikono inaning'inia. Mkebe aliopanda nao ulikuwa mdogo, na mimi ni mtoto lakini si mjinga. Nilijua utaisha, atashuka, atapanda mara ya nne. Nikafikiri kwa haraka kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Kumzuia asipande sikuweza. Lakini asiposhuka, hatapanda tena. Nikaikumbatia ile ngazi, nikaiangusha, nikaiburuta mpaka ukingo wa shamba la chai na kuisukuma bondeni. Iliteleza hadi mtoni. Nikarudi nikasimama wima, mikono nyuma, mtoto aliyeokoa baba yake.

"Marigu, ngazi iko wapi?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Marigu, nipe basi ule mkebe mkubwa, uufunge kwa hii kamba. Lami inaganda."

Niliutazama mkebe. Niliona kuwa hata lami ni sehemu ya kile kinachomuua Baba. Nikatikisa kichwa.

Nyanya Marigu alitoka kibandani akakaa juu ya gogo kutazama. Njeru naye akaja. Walikuja na wengine wawili watatu kutoka njiani, vikapu vya chai mgongoni. Hakuna aliyeleta ngazi, na ngazi ilikuwepo kwa Njeru, niliiona imeegemea ukuta.

"Mwacheni," Njeru akasema. "Kuku akipanda paa hushushwa na njaa."

"Hata nyusi hana," mmoja akaongeza, wakacheka.

"Binti ya watu amepata kwake," Nyanya akasema. "Akae huko. Labda mumewe atamwona akiwa Meru."

Manyunyu yakaanza. Mama aliwatazama, akanitazama mimi, kisha akatugeuzia mgongo wote akaendelea na kazi. Lami iliyobaki ilikuwa imekuwa ngumu. Akaichomoa mkebeni kwa vidole, akaikanda katika viganja, akaipulizia pumzi ilainike, akaisukuma kwenye tundu moja baada ya jingine kwa kidole gumba. Alizimaliza. Watu walichoka kucheka kabla hajamaliza, wakaenda. Mwishowe akateleza akiwa amekaa mpaka upande wa nyuma paa lilipokuwa chini, akaruka juu ya rundo la samadi. Nilisikia mguu wake ukilia. Mguu huo alichechemea nao mpaka tukamzika.

Alinikuta pale pale nimesimama. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Ni wewe uliyetoa ngazi?"

"Ndiyo."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemkuta kwako hukumwalika. "Nilidhani nimezaa mtoto," akasema. "Kumbe nilimzaa mama mkwe."

Akaingia ndani. Tangu siku hiyo aliniwekea chakula, akanituma maji, lakini hakuniita kwa jina lolote. Nami sikumwambia nilichokuwa naokoa. Nilidhani anajua. Nilidhani amekasirika kwa sababu nimemharibia mpango wa kumuua Baba. Mtoto anaweza kuishi nyumba moja na wazo kama hilo, akala, akacheza, akaenda kuchuma chai. Kila nilipoona watu wawili wanaongozana njiani nilijua wanakuja kutuambia amekufa.

Njeru ndiye aliyetuma habari Meru. Na hapa nataka mnisikilize vizuri. Baba alipoitwa mara tatu kwa ajili ya paa, hakuja. Alipoambiwa mkewe amepanda paa, alifika siku ya tatu.

Alifika mzima. Alikuwa amenenepa, amevaa koti ambalo hatukulijua, anafanya kazi buchani na hakutuletea hata mfupa. Mimi nilimrukia. Aliponiinua nilimshika kichwa kwa mikono miwili, nikapapasa utosi wote nikitafuta alama ya mguu. Hakukuwa na kitu, kichwa kimenyolewa vizuri, kinanukia sabuni. Akacheka akaniweka chini. Nilirukaruka kwa furaha. Nikamtazama Mama nikitegemea ataona kuwa tumemwahi kabla hajafa. Alikuwa anachochea moto.

Baba akakaa kwenye kigoda cha karibu na mafiga, kile cha pekee chenye miguu mizuri. Njeru akasimama mlangoni. Nyanya Marigu alikataa kuingia, akasema nyumba hiyo imekanyagwa, akabaki nje kwenye gogo lake akisikiliza.

"Ulipanda?" Baba akauliza.

"Nilipanda."

"Ukanikanyaga kichwa."

"Kichwa chako kilikuwa Makutano. Hapa kulikuwa na mabati, na misumari umeipigilia mferejini."

Njeru akakohoa. Baba hakuigusa ile ya misumari. Aliongea polepole, sauti ya mtu aliyefundishwa maneno njiani. "Utakwenda kwenu. Baba yako atatoa kondoo dume wa kunitakasa. Ukija na kondoo, ingia. Ukija mikono mitupu, usivuke lango. Mtoto atabaki kwa mama yangu."

Kwao walikuwa maskini kuliko sisi, kila mtu pale alilijua hilo. Kondoo hakuwepo. Kwa hiyo alichoambiwa Mama ni kuwa hana nyumba tena. Mimi nilisikia tu kwamba nitabaki kwa Nyanya, nikafikiria ndizi za kuchoma.

Mama alisimama, akachukua leso yake ukutani. Nadhani alikuwa anakwenda kweli. Lakini kabla hajafika mlangoni mbingu ya Kibugu ikafunguka. Si mvua, ilikuwa mvua ya mawe, ile inayopukutisha chai mpaka miti inabaki vijiti. Ilipiga mabati, hakuna aliyesikia neno la mwenzake. Njeru akaruka ndani. Na baada yake akaingia Nyanya Marigu, gunia kichwani, damu kidogo kwenye sikio pale jiwe lilipompata. Nyasi za kibanda chake zilikuwa zimetobolewa. Tuliziona kupitia mlangoni zinabomoka. Akachuchumaa kwenye kona. Ilikuwa ile kona ya kitanda, mahali pa karai.

Tukakaa. Mimi nilikuwa natazama juu, kwa mazoea, nikingoja tone la kwanza. Sufuria ilikuwa mahali pake, kavu. Kibuyu kikavu. Naona hata Baba alikuwa anatazama, kwa sababu alikaa mahali ambapo zamani angeloa mpaka mgongoni, na koti lake lilikuwa halijapata hata doa.

Mawe yalipopungua kidogo, Mama akasema. Hakupaza sauti. "Kila aliyeko humu ndani amekaa chini ya mugiro wangu. Asiyeutaka, mlango ni ule."

Njeru akatazama komeo la mlango. Nyanya akajifanya anafuta sikio. Baba akanyoosha mikono kwenye moto. Hakuna aliyetoka.

Nilitoka mimi.

Sijui niwaelezeje. Nilitazama wote wale waliokataa kutoka, nikawaza, basi neno hilo halikuwa lao. Aliyeangusha ngazi ni nani? Aliyenyima lami ni nani? Mimi ndiye mama mkwe, alisema mwenyewe. Nikaona ananifukuza mimi, na nikaona ana haki. Nikapita katikati ya miguu ya watu wazima nikatoka uani, nikasimama kwenye mawe bila kitu kichwani. Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Yaliuma kama kupigwa kokoto na watoto wengi kwa wakati mmoja. Sikulia. Nilifikiri nikilia watasema nataka kurudi.

Mama alitoka na karai limemfunika kichwa, mguu mbovu ukiburuta. Kwetu hatukumbatiani. Alinizaba kofi moja, lile la siku nyingi nililokuwa nadaiwa, akaniuliza nimetoka kwenda wapi.

"Umesema asiyeutaka atoke."

"Na wewe huutaki?"

"Nilitoa ngazi ili Baba asife. Ulikuwa umebakiza mara ya nne tu."

 Mawe yaligonga karai. Niliona uso wake usio na nyusi ukifanya kazi ya kuelewa, ukitoka kwangu ukienda mlangoni, kule kona ambapo Nyanya alikuwa amechuchumaa, ukirudi kwangu. Kisha akalisogeza karai likatufunika sote wawili, akaniburuta ndani kwa sikio.

Walituangalia tukiingia. Nilikuwa natetemeka, maji yanachuruzika kutoka kwenye rinda langu hadi kwenye ule udongo mkavu. Mama alisimama mbele ya Baba, kati yake na moto.

"Inuka hapo," akamwambia. "Mtoto ameloa."

Baba akainuka.